Mchapaji si mchapishaji: yanayosemwa kuhusu kutoa kitabu, na yalivyo

Kiswahili chenyewe huwaponza waandishi wapya. Kuchapa na kuchapisha vimepishana silabi moja tu, na katika silabi hiyo watu huzamisha akiba ya miaka miwili. Nimekuwa nikisoma miswada ya watu kwa muda sasa, na maneno ninayoyasikia kwa waandishi ni yaleyale. Nimeyaweka hapa kama yanavyosemwa.

“Kitabu nimeshachapisha, kilichobaki ni soko.”

Mara nyingi anayesema hivi hajachapisha. Amechapa. Mchapaji ana mashine, wino na karatasi. Mpelekee faili na pesa, atakutolea nakala zako, hata kama sura ya tatu imejirudia mara mbili. Kukusoma si kazi yake, na hakudanganyi. Mchapishaji ni yule anayeupokea muswada, akaukataa au akaukubali, akamlipa mhariri, msanifu wa kurasa na mchora jalada, akamlipa mchapaji, kisha akahangaika na maduka. Kitabu kikidoda, hasara ni yake.

Katikati yao amekaa wa tatu. Anajiita mchapishaji, anausifia muswada wako ndani ya siku mbili, halafu anakuomba “mchango wa uchapishaji”. Kumlipa mtu akufanyie kazi si dhambi. Mwandishi anayejichapishia mwenyewe hulipa kila hatua, ila nakala zote ni zake na haki zote ni zake. Kasheshe huanza mkataba unapochukua vyote viwili, fedha zako na haki zako. Ukiona hivyo, funga bahasha urudi nyumbani. Aliyegharamia ndiye anayestahili kushika haki, na anayetaka haki agharamie.

“Ukichapa nyingi unaokoa.”

Hesabu hii ni ya kweli kwa mchapaji, kwako inategemea. Kwenye mashine za ofseti gharama kubwa iko mwanzoni: kutengeneza sahani, yaani bati zinazobeba sura ya kurasa, kwa kila fungu la kurasa, na kuitegesha mashine. Gharama hiyo ni ileile utoe nakala 200 au 2,000, kwa hiyo kadiri unavyoongeza idadi, bei ya nakala moja inashuka. Mwandishi anaona ile bei ndogo, macho yanamtoka, anaagiza 2,000. Jioni gari linashusha maboksi sebuleni. Mwaka unapita, mchwa na unyevu vinakuwa wasomaji wake waaminifu.

Mashine za kidijitali hazina sahani. Nakala moja ni ghali zaidi, lakini unaweza kuchapa 50, ukaziuza, ukagundua makosa yaliyokupita (yapo), ukasahihisha, ukachapa 100 nyingine. Kwa asiye na duka, shule wala jukwaa linalomngojea, hiyo ndiyo njia ya kulala usingizi.

Jambo jingine dogo ambalo wachapaji hawachoki kulieleza: kurasa za kitabu huenda kwa mafungu, mara nyingi 16, kwa sababu karatasi kubwa hukunjwa ndipo ikakatwa. Kitabu cha kurasa 162 kitakwenda hadi 176. Hizo 14 za mwisho ni tupu, nawe unazilipia. Mwambie msanifu apunguze mistari kadhaa urudi kwenye 160.

“Mrabaha ni asilimia kumi, kila mtu anajua.”

Mrabaha ni sehemu ya mauzo anayolipwa mwandishi. Lakini asilimia kumi ya nini? Chukua kitabu cha shilingi 15,000. Kumi ya bei ya dukani ni 1,500. Lakini tuseme duka limechukua asilimia 35, mchapishaji amebaki na 9,750, na mkataba wako unasema “mapato halisi”. Basi kumi yako ni 975. Kwa nakala 1,000 tofauti ni shilingi 525,000, na yote imetokana na maneno mawili ambayo mwandishi aliyapita haraka ili afike penye sahihi. Uliza pia taarifa ya mauzo inatolewa mara ngapi kwa mwaka, na haki zinarudi kwako lini kitabu kikiisha madukani bila kuchapwa tena.

Wanaoacha kazi wakitegemea kitabu cha kwanza wamtazame Abdulrazak Gurnah. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, Tuzo ya Nobel ikamfikia 2021, na katikati alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu huko Kent, Uingereza, hadi alipostaafu.

“Nina ISBN, kwa hiyo kazi yangu inalindwa.”

ISBN ni namba ya utambulisho tu, tarakimu 13 tangu 2007, ya kumsaidia muuza vitabu na mkutubi wasichanganye toleo hili na lile. Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Kitabu cha karatasi na kitabu cha mtandaoni kila kimoja hutaka namba yake. Kurudia kuchapa bila kubadilisha kitu hakuhitaji mpya.

Hakimiliki ni habari nyingine kabisa. Inazaliwa pale unapoliandika neno, hata kwenye daftari la mwanao, bila muhuri wa ofisi yoyote. Ndivyo ilivyo kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ya Tanzania Bara, na Kenya kwa sheria yao ya 2001. Ulinzi hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na ofisi yake, jambo ambalo watu wa Bara husahau. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania Bara, au kwa wenzao wa KECOBO wa Kenya kuna manufaa, maana siku ya ugomvi unakuwa na ushahidi wa tarehe. Kuwa na ushahidi ni kitu kimoja, kuwa na haki ni kingine.

“Kiswahili changu si cha pwani, nitachekwa.”

Hili huniuma kuliko yote. Mwandishi wa riwaya Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwani ndani ya Ziwa Victoria, na Kikerewe kilikuwa lugha ya nyumbani. Ken Walibora alitoka magharibi mwa Kenya, na riwaya yake ya Siku Njema, 1996, inaanzia Tanga na shujaa wake anaitwa Kongowea Mswahili. Hakuna aliyemdai hati ya kuzaliwa.

Hofu hii ndiyo inayomtuma mtu kwenye kamusi kutafuta maneno yaliyolala humo tangu enzi za babu. Nimewahi kusoma muswada ambao muuza samaki wa soko la Ferry, Dar es Salaam, anazungumza kama anasoma hotuba ya kufunga mkutano. Nilimwomba mwandishi akakae pale soko linapochangamka, asikilize dagaa zinavyouzwa, ndipo aandike upya. Alirudi na kurasa kumi na moja. Tisa zilikuwa nzuri. Msamiati mpana ni mali, lakini mhusika azungumze kwa kinywa chake.

“BAKITA wakipitisha, kitaingia shuleni.”

BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, hutazama lugha. Kitabu kutumika shuleni ni suala la ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na Kenya ni KICD, taasisi yao ya mitaala, ambao hupima kama kinafaa kwa mtaala na umri wa wanafunzi. Ni milango miwili, na wa kwanza haufungui wa pili.

“Siwatumii muhtasari kamili, wataniibia. Na mwisho nimeuficha, wasome wenyewe.”

Sheria hailindi wazo tupu. Hadithi ya binti anayetoroka ndoa ya lazima si yako wala yangu. Kilicho chako ni jinsi ulivyoiandika, sentensi kwa sentensi, na hicho tayari kina hakimiliki. Mchapishaji mwenye meza iliyojaa miswada hana njaa ya mawazo. Ana uhaba wa vitabu vilivyomalizika vizuri.

Ndiyo maana mwisho usifichwe. Maneno ya nyuma ya jalada humvuta mnunuzi, na hayo yaache na fumbo. Muhtasari anaopelekewa mhariri ni ripoti: ukurasa mmoja au miwili, mhusika anataka nini, nani anamzuia, anafanya nini, mambo yanaishaje. Ambatanisha sura tatu za mwanzo, si zile tatu unazozipenda, na maelezo mafupi ya wewe ni nani. Mhariri anataka kujua kama unaweza kuifikisha hadithi ng'ambo kabla hajatumia siku nne kusoma kurasa 300. Basi kama Bwana harusi aliuawa na shemeji yake, andika hivyo hivyo: aliuawa na shemeji yake.