Chanjo haikuwa feki mama, ni maji

Wiki iliyopita nimepigiwa simu asubuhi na mama mmoja wa Kivule, ana kuku chotara 300, sauti inatetemeka kabisa, "Dokta wameniuzia chanjo feki, kuku wanaisha." Nimefika bandani nakuta wengine shingo zimepinda kichwa kinaangalia juu, kinyesi cha kijani, jogoo mmoja anazunguka palepale kama pia. Dalili zote za kideri, ule ugonjwa wa virusi unaoua kuku.

Nikamwambia mama hebu nisimulie ulivyochanja, mwanzo mwisho, maana hii kesi nakutana nayo kila siku na mara nyingi chanjo yenyewe haina kosa.

Kanunua Kariakoo saa nne, kichupa kwenye mkoba, daladala, foleni ya Gongo la Mboto si mnaijua, kafika saa saba. Sasa hiyo chanjo ni virusi hai, vipole tu, inatakiwa ikae nyuzi 2 hadi 8, mkobani mule ilishaanza kufa tangu Buguruni. Beba chupa ya chai yenye barafu ndani, hata zile barafu za ubuyu za mtaani zinafaa, mimi nimeshazitumia sana tu.

Tuseme imefika salama. Kaichanganya na maji ya bomba yametoka muda huohuo, kwenye vyombo alivyoviosha kwa Jik ili viwe safi! Klorini iliyomo kwenye maji ya bomba na kwenye Jik inaua vijidudu tusiharishe, sasa ikikutana na virusi vya chanjo haiulizi nyie ni wazuri au wabaya. Kuku wale walikunywa maji tu.

Mimi nafanya hivi, maji ya bomba nayakinga kwenye ndoo nayaacha wazi usiku mzima, asubuhi naweka maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, yaani kijiko kidogo cha chai, nakoroga nasubiri kama dakika 20 ndo natia chanjo. Vyombo naosha kwa maji matupu bila sabuni. Kuku nawanyima maji saa moja au mbili kabla, ili wakiletewa wagombanie wamalize ndani ya masaa mawili, na hii ufanye alfajiri sio saa saba mchana wa Dar, utawaua na kiu. Kilichobaki mwaga, kuna watu wanarudisha kwenye friji eti cha wiki ijayo, jamani.

Ukiwa na kuku wachache, chini ya mia hivi, achana na habari za maji, chukua ile ya tone la jicho, TEMEVAC inayotengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari, tone moja jicho moja, subiri apepese ndo umwachie. Inavumilia joto zaidi kidogo kuliko nyingine, ila sio ruhusa ya kuiacha juani. Unarudia kila miezi mitatu.

Mama akaniuliza kuna dawa gani, nikamwambia ukweli kideri haina dawa, ni kutenga wagonjwa, kuchimbia waliokufa na kuwapa vitamini waliosimama. Akauliza tena kwa sauti ya chini kama awauzie wa chipsi waliobaki, nikamkatalia.

Wamebaki 110 hivi. Nimemwachia chupa yangu ya chai ya zamani, mfuniko umelegea ila barafu inakaa.