Je, Wajua Kwa Nini Mtafiti wa Maji Hutoboa Miti?

Ukimkuta mtu kwenye mteremko mkavu wa mlima, amesimama kifua kwa shina la msonobari mzee, anazungusha keekee taratibu kuelekea kwenye kiini, hutadhani kazi yake ni maji. Mto hauonekani, na ardhi yenyewe ni ya mawe matupu. Hata hivyo, kipande cha mti atakachokichomoa, chembamba kuliko penseli, kitafika mezani kwa watu wanaoamua bwawa lijengwe kubwa kiasi gani, mashamba mangapi yamwagiliwe na mji uahidiwe maji mangapi.

Anafanya hivyo kwa sababu mto ni mzee na daftari letu la vipimo ni changa. Mito mingi duniani ina kumbukumbu za miongo michache tu, na michache sana imepimwa kwa miaka 100 mfululizo. Mwenye kupanga matumizi ya maji anatoa ahadi ya miaka 50 au zaidi. Akiitegemea miaka michache iliyoandikwa, na miaka hiyo ikawa ya neema, ataahidi maji ambayo hayapo.

Kosa hilo limewahi kutendeka, na linalipiwa hadi leo. Novemba 1922, wajumbe wa majimbo 7 ya magharibi mwa Marekani walikutana Santa Fe chini ya uenyekiti wa Herbert Hoover, waziri wa biashara wakati huo, ili kugawana maji ya mto Colorado. Waliugawa katika bonde la juu na bonde la chini, kila moja likatengewa meta za ujazo bilioni 9.25 kwa mwaka. Mwaka 1944 mkataba mwingine ukaiahidi Meksiko bilioni 1.85. Jumla ni zaidi ya bilioni 20. Kituo cha kupimia cha Lees Ferry, palipo mpaka wa mabonde hayo mawili, kilikuwa kimeanza kazi mwaka mmoja tu kabla ya mkutano, kwa hiyo hesabu ilikusanywa kutoka vituo vingine na miaka michache iliyokuwapo. E. C. LaRue, mtaalamu wa mito wa serikali, alionya katika miaka ile ile ya 1920 kwamba mto hauwezi kubeba mzigo huo. Hakusikilizwa.

Miti ndiyo iliyokuja kumpa haki. Mwaka 1976 watafiti wa pete za miti Charles Stockton na Gordon Jacoby walichapisha makadirio ya mtiririko wa Colorado kwa karne kadhaa, yaliyotokana na pete za miti. Yalionyesha kwamba mwanzo wa karne ya 20 ulikuwa mmoja wa vipindi vyenye maji mengi kuliko vyote katika muda huo, na kwamba wastani wa muda mrefu ni karibu bilioni 16.7. Tangu mwaka 2000 hata hizo zimekuwa hadithi, maana mto umekuwa ukitoa takriban bilioni 15 kwa mwaka. Agosti 2021 serikali ya Marekani ilitangaza kwa mara ya kwanza upungufu rasmi katika Ziwa Mead, hifadhi kubwa ya maji ya mto huo, na mgao wa bonde la chini ukakatwa.

Sasa, mti unaujuaje mto? Mti wa nchi zenye majira ya baridi na joto huongeza pete moja kila mwaka. Mwaka wa mvua pete huwa pana, mwaka wa ukame huwa nyembamba kama uzi. Ndiyo maana mtafiti huupita mti ulionawiri kando ya kijito, kwa kuwa mti huo hunywa kila siku na hauna habari za shida. Anautafuta ule uliodumaa mlimani kwenye udongo haba, unaoishi kwa mvua na theluji pekee. Hatoboi mti mmoja tu, bali makumi, kisha anailinganisha mifuatano ya pete mmoja kwa mmoja hadi kila pete ipate mwaka wake. Kwa miaka ambayo mto pia ulipimwa, anatafuta uhusiano kati ya upana wa pete na wingi wa maji. Uhusiano huo ukishathibitishwa, anarudi nao nyuma hadi miaka isiyo na kipimo chochote. Mti hupona; tundu ni dogo, nao huliziba wenyewe kwa utomvu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliifikisha historia ya Colorado hadi mwaka 762, ukakuta kwamba kati ya 1130 na 1154 mtiririko, ukichukuliwa kwa jumla ya miaka hiyo, ulikuwa chini ya asilimia 84 ya wastani wa karne iliyopita. Kipindi cha miaka 25. Hakuna mtu aliye hai aliyeona ukame wa namna hiyo katika bonde lile, na bila miti hakuna mpangaji ambaye angefikiria kuujaribu kwenye mahesabu yake.

Mtu mwenye hamu ya kazi hii asidhani, lakini, kwamba maisha yatakuwa milimani siku zote. Sehemu kubwa ni kuvitunza vipimo vya kawaida, na nadhani hapa ndipo uaminifu wa mtafiti unapoonekana. Kupima mto kwa mikono ni kazi ya subira. Unakata upana wake katika vipande ishirini au zaidi, katika kila kipande unapima kina na kasi ya maji, mara nyingi kwenye sehemu ya sita ya kumi ya kina kutoka juu, kisha unajumlisha. Kwa kuwa huwezi kufanya hivyo kila saa, unaunda jedwali linalohusisha kimo cha maji kwenye ubao wa kupimia na wingi wa maji yanayopita. Gharika moja ikibadilisha sakafu ya mto, jedwali limekufa, unaanza upya.

Halafu kuna sifuri. Katika daftari la mvua, sifuri inaweza kumaanisha kwamba haikunyesha. Inaweza pia kumaanisha kwamba msomaji aliugua, au kipimo kilivunjika, na mtu akajaza nafasi. Asiyezitenganisha sifuri hizo mbili atabuni ukame ambao haukuwapo, na mtu mwingine atajenga bwawa juu ya ukame huo. Wiki nzima inaweza kuishia kwenye jambo dogo kama hilo, nami naiona kuwa wiki iliyotumika vizuri sana.

Aliyeonyesha kazi hii inaweza kufika wapi ni Harold Edwin Hurst, Mwingereza aliyeingia Misri mwaka 1906 na kuutumikia mto Naili kwa takriban miaka 60, hadi wakamwita Abu Nil, baba wa Naili. Swali lake lilikuwa la mipango moja kwa moja: bwawa liwe na ukubwa gani ili lisikauke hata ikija mfululizo wa miaka mibaya? Kwa bahati, Naili una daftari refu kuliko mito karibu yote, kwani kwenye kisiwa cha Roda mjini Kairo kumbukumbu za kimo cha maji zinarudi hadi mwaka 622. Hurst aligundua kwamba miaka haiji kama sarafu inayorushwa hewani. Miaka mizuri hushikana na mizuri, mibaya hushikana na mibaya, kwa vipindi virefu kuliko nadharia ya bahati nasibu inavyokubali. Alikuta jambo hilo hilo katika mvua, maziwa na hata pete za miti, akalichapisha mwaka 1951. Maana yake kwa mjenzi ni kwamba bwawa lililokadiriwa kana kwamba kila mwaka unajitegemea litakuwa dogo mno.

Hapo pangekuwa mwisho wa simulizi kama hali ya hewa ingebaki ilivyokuwa. Mwaka 2008 kundi la wanasayansi likiongozwa na Christopher Milly liliandika katika jarida la Science kwamba msingi wa mipango ya maji, yaani dhana kuwa kesho itachezea ndani ya mipaka ya jana, umekufa. Kila nyuzi 1 ya Selsiasi ya joto inayoongezeka huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, kwa hiyo mvua kubwa huwa kubwa zaidi, na udongo hunyonywa haraka zaidi kati ya mvua moja na nyingine. Kwa Colorado, Milly na mwenzake Krista Dunne walikadiria mwaka 2020 kwamba kila nyuzi 1 hupunguza mtiririko kwa takriban asilimia 9. Theluji ikipungua, ardhi iliyo wazi hufyonza jua ambalo zamani lilirudishwa angani, na maji huyeyuka kuwa mvuke kabla ya kuufikia mto.

Basi mtafiti wa leo anasimama kwa miguu miwili. Mmoja uko kwenye pete na madaftari, unaomwambia nini kimewahi kutokea. Mwingine uko kwenye mifano ya kompyuta ya hali ya hewa, inayomwambia nini kinaweza kutokea. Mifano hiyo huugawa uso wa dunia katika miraba ambayo mara nyingi ina upana wa kilometa 100 hivi, na mto mdogo wote humezwa na mraba mmoja. Inabidi matokeo yashushwe hadi ukubwa wa bonde. Juu ya hayo kuna setilaiti: jozi iliyorushwa mwaka 2002 ilifanya kazi hadi 2017, na nyingine ikaifuata mwaka 2018; setilaiti mbili za jozi hufukuzana kwa umbali wa kilometa 220 hivi na kupima mabadiliko madogo sana ya umbali huo. Maji yakipungua chini ya ardhi, mvutano wa dunia mahali hapo hupungua, na pengo hilo husomeka kutoka angani.

Anayetaka kuingia anahitaji nini? Hisabati, hasa takwimu, ndiyo uti wa mgongo. Fizikia, jiografia au uhandisi ujenzi hufungua mlango, na siku hizi asiyeweza kuandika programu ya kompyuta atakwama mapema. Waajiri ni vyuo vikuu, idara za hali ya hewa, mamlaka za mabonde ya mito, makampuni ya umeme wa maji na wizara. Stadi isiyofundishwa vya kutosha ni kuzungumza na mpangaji. Yeye anataka namba moja, nawe una kumi zinazotofautiana, zote za halali. Kumpa ya katikati ili aondoke ameridhika ni kurudia Santa Fe. Mtafiti mzuri huugeuza mjadala: humuuliza ni kiwango gani cha upungufu kitakachouvunja mpango wake, kisha hurudi kwenye pete, madaftari na mifano kutafuta kiwango hicho kimewahi kutokea mara ngapi, na kiko karibu kiasi gani.