Kuosha injini ya gari: maneno ya kijiweni na ukweli wenyewe

Jumamosi moja nilipeleka Toyota IST yangu kuoshwa, dogo akaniuliza "bosi, na injini nikupigie?" nikamwambia piga. Akafungua boneti, akashika bunduki ya presha akamwaga maji kama anazima moto, dakika tano kazi imeisha, akapulizia na ile dawa ya kung'arishia, nikaondoka zangu najiona mjanja. Kufika mataa ya Morocco, hapa hapa Dar, gari inatetemeka, ukikanyaga mafuta haipandi, taa ya chek injini inapepesa. Fundi wa kwanza akasema "kaka koili zote nne zimekufa, tafuta hela". Fundi wa pili, mzee mmoja hana haraka na mtu, akachomoa koili moja moja (ndo zinazopeleka umeme wa cheche kwenye plagi), akafika silinda ya pili akaniita nichungulie: shimo la plagi lina maji, yanaonekana kabisa. Akapuliza kwa kompresa, akafuta koili, akarudisha, gari ikatulia. Alichonichaji hakikufika hata bei ya koili moja ya used.

Toka siku hiyo nimekuwa mbishi kwenye hii mada, maana kila mtu ana lake.

"Injini haitakiwi kuguswa na maji kabisa." Hili ndo kimbilio la watu walioumia kama mimi, ila sio kweli. Injini inakutana na maji kila masika, ukipita dimbwi tairi la mbele linarusha maji na tope mpaka juu, na gari inaendelea kutembea. Kiwandani wanajua hilo, ndo maana soketi nyingi za kule ndani zina rapa za kuzuia maji. Shida ni kwamba rapa inazeeka. IST toleo la kwanza zilianza 2002, lile toleo likaisha 2007, kwahiyo hata iliyo changa kuliko zote kwenye kundi hilo ina umri wa kutosha, joto limekausha rapa zote zimekuwa ngumu kama plastiki, klipu za soketi zimevunjwa na mafundi watatu tofauti, nyingine imefungwa kwa selotepu. Halafu maji ya mvua yanadondoka tu yanatiririka, maji ya presha yanasukumwa kwa nguvu yanatafuta pa kupenya, hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kwenye injini kama 1NZ, hii ya kwenye IST, ambayo imejaa mjini hapa, kila plagi ina koili yake iliyokaa juu yake, na plagi yenyewe iko chini kwenye shimo refu. Juu ya shimo kuna rapa ya koili. Ikichoka, maji yanaingia na hayana pa kutokea, yanakaa mle mle, umeme badala ya kuruka kwenye plagi unapotelea pembeni kwenye maji, gari inamisi. Na usiendelee kuendesha ukisema "itakauka yenyewe", ile taa ikipepesa maana yake mafuta yasiyoungua yanaenda kuunguzwa kwenye masega ya egzosi (kile kisafisha moshi), na masega yakiyeyuka hapo ndo utajua hela ni nini.

"Iwashe kabisa wakati unaosha, ikiwa inaunguruma maji hayaingii." Hii nimeisikia kwa waoshaji wengi na huwa nashangaa nani aliianzisha. Injini ikiwa imewashwa inavuta hewa, na ukielekeza bunduki kwenye mdomo wa airklina (chujio la hewa ya injini) utakuwa unainywesha maji. Maji hayabanwi kama hewa, pistoni ikipanda ikayakuta mengi mle ndani kitakachopinda ni konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, hapo unatafuta injini nyingine. Ongeza feni inayoweza kuanza yenyewe muda wowote, mkanda unaozunguka, na alteneta inayozalisha umeme huku imelowa. Zima. Utaiwasha baadae, wakati wa kukausha.

"Lazima iwe ya moto ndo uchafu utoke." Nusu kweli. Uvuguvugu unasaidia, grisi inalainika. Ila ya moto kabisa imetoka safari ya Chalinze, hapana. Kulanti (maji ya rejeta) peke yake inacheza kwenye nyuzi 90 hivi, na manifodi ya egzosi, pale moshi unapotokea kwenye injini, joto lake ni mara kadhaa ya hapo. Wengi wanasema bloku itapasuka. Bloku sio nyepesi hivyo, ila manifodi ya chuma cha kumwaga, sensa ya oksijeni na plastiki zilizozeeka ndo zinaweza kupata ufa ukizimwagia maji baridi ghafla. Kipimo changu mimi ni mkono: ukiweza kuuweka kwenye tapeti kava (mfuniko wa juu ya injini) bila kuutoa mbio, anza. Na sabuni haikaukii juu ya chuma cha moto ikaacha madoa meupe.

"Mafuta ya taa ndo kiboko." Aisee. Ni kweli yanatoa grisi, hakuna anayebisha, na petroli inatoa zaidi. Ila petroli inatoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya chini ya sifuri, sasa wewe uko Dar mchana na betri iko hapo hapo pembeni na mtu anavuta sigara mita mbili. Mafuta ya taa hayalipuki kirahisi hivyo lakini yana kisa kingine, mipira ya rejeta mingi imetengenezwa kwa aina ya mpira unaovumilia maji na joto vizuri sana ila hauelewani kabisa na mafuta. Ukiupaka mara kwa mara unavimba, unalainika, siku moja unapasuka ukiwa Mikese. Mikanda nayo hivyo hivyo. Dizeli, oili chafu, yote ni familia moja.

Sabuni ya unga ya kufulia nayo sio salama kama inavyoonekana. Ni kali kwa alumini, na injini za siku hizi nyingi ni alumini, ikiachwa ikakauka inaacha ule weupe wa kufifia ambao haufutiki. Magadi ya kutengenezea sabuni ndo usiguse kabisa. Tafuta digrisa (dawa ya kutoa grisi) ya kuchanganya na maji, pulizia, subiri dakika tatu mpaka tano, sugua na brashi, suuza kabla haijakauka. Mchezo umeisha.

"Injini chafu inachemsha na inakula mafuta." Vumbi juu ya tapeti kava halichemshi gari. Injini inapozwa na kulanti inayozunguka mpaka kwenye rejeta, kwahiyo uchafu wenye madhara ni ule ulioziba rejeta: tope, wadudu, manyoya, mifuko. Watu wa Dodoma na Singida wanaopiga barabara za vumbi wanalijua hili kuliko sisi. Na hapo ndo uchungu ulipo, maana mwosha magari anakung'arishia tapeti kava ambayo haina shida halafu rejeta anaipiga presha kwa karibu, yale mapezi membamba ya alumini yanalala yote, hewa haipiti tena, gari iliyokuwa haichemshi inaanza kuchemsha. Rejeta inaoshwa kwa mpira wa kawaida wa maji, ikiwezekana kutoka upande wa injini kwenda nje ili uchafu urudi ulikotokea. Na vumbi hilo halili mafuta; cha kukagua ni airklina, ikiziba gari inakosa nguvu, na ukaguzi wake haugharimu hata shilingi.

Mwenye Prius au Aqua, zile Toyota za haibridi zinazotumia petroli na umeme, asome hapa mara mbili. Zile waya nene za rangi ya chungwa sio mapambo. Betri kubwa ya Prius inakaribia volti 200, ya Aqua 144, na kibadilishaji cha umeme (inveta) kilichoko kule mbele kinapandisha zaidi ya hapo. Zimefungwa vizuri, kwenye mvua hazina neno, ila bunduki ya presha usiielekeze huko. Kitambaa chenye unyevu kinatosha.

Kuhusu kuosha kwa stimu, yaani mvuke, kuna sehemu wanakwambia "stimu ni kavu haina madhara". Stimu ni maji, ikigusa chuma baridi inarudi kuwa maji, na joto lake linabandua stika za maelekezo. Ni bora kuliko presha kwasababu maji yanayotumika ni kidogo, basi, ila alteneta bado inatakiwa kufunikwa. Alteneta ina matundu ya kupozea, ukiipulizia sabuni iliyochanganyika na grisi inaingia kwenye brashi na beringi, leo hutaona kitu, baada ya wiki kadhaa unasikia mlio kama mbu mkubwa chini ya boneti.

Mimi sasa hivi naosha mwenyewe, mara mbili kwa mwaka, na sitaki presha. Kwanza natoa majani makavu pale chini ya waipa, ukiwa unapaki chini ya mwembe utakuta ghala, yanaziba vitundu vya kutolea maji halafu unashangaa kapeti ya ndani imelowa. Napiga brashi kavu na kompresa, hapo nusu ya uchafu imeondoka bila tone la maji. Nafunika alteneta, boksi la fyuzi, koili na mdomo wa airklina (mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Tanzania Juni 2019 kwahiyo natumia nailoni iliyofunika godoro, kila nyumba inayo). Natoa waya wa negativu wa betri. Digrisa, brashi, maji ya mpira taratibu, napuliza, naacha boneti wazi juani saa nzima, ndo nawasha. Ukirudisha waya sailensa (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) inaweza kucheza kidogo mwanzoni, ni kawaida, inajifunza upya.

Ule unga mweupe wa kwenye terminali za betri, na sisi wa pwani na chumvi hii ya bahari tunaujua, watu wanaumwagia soda. Inafanya kazi kidogo halafu inaacha sukari, sisimizi wanakuja. Baking soda na maji ya uvuguvugu inaua ile asidi, unaiona inachemka povu, unasuuza unapaka vaselini. Isiingie ndani ya betri tu.

Na ile dawa ya kung'arisha ya mwisho, ambayo ndo inawafanya watu walipe, inanata vumbi, wiki moja gari imekuwa chafu kuliko mwanzo, na ikigusa mkanda unaanza kulia kila asubuhi. Kama unapenda mng'ao chukua ya maji, pakaa kwa kitambaa kwenye plastiki peke yake.

La mwisho ndo linalowapiga watu hela ndefu wakinunua gari used: "fungua boneti uone, injini inang'aa, gari nzima hii." Mimi sasa kwenye yadi ya magari nikikuta injini inang'aa kuliko rangi ya gari naanza kuwa na wasiwasi. Oili inayovuja ikioshwa asubuhi, mchana huioni. Angalia chini ya injini ambako brashi haikufika, angalia lami ilipokuwa imepaki, iendeshe nusu saa halafu fungua tena boneti. Afadhali injini yenye vumbi kavu sawasawa kote, hiyo haina cha kuficha.

Yangu baada ya kuiosha taratibu niliiangalia kila asubuhi wiki mbili. Siku ya tisa nikaona mstari uliolowa nyuma ya tapeti kava, upande wa ndani, oili inashuka polepole mpaka kwenye manifodi ya egzosi. Gasketi imechoka. Kumbe ile harufu ya oili inayoungua kwenye foleni, miezi yote ile nilikuwa nafunga vioo nalaumu daladala ya mbele yangu.