Kupima mwendo na nguvu ya sauti katika rekodi za piano: dhana potofu na ukweli

Dhana: Kuchelewesha na kuharakisha mapigo ni hisia tu, hakupimiki.
Kunapimika. Fungua rekodi ya mazurka (kipande chenye asili ya dansi ya Poland) ya mtunzi Chopin kwenye Sonic Visualiser, programu ya bure iliyotengenezwa Queen Mary, University of London. Isikilize hadi uizoee, kisha bonyeza kitufe cha nukta-mkato kila pigo linapoanguka. Gawa 60 kwa sekunde zilizo kati ya pigo na pigo: sekunde 0.5 ni mapigo 120 kwa dakika, sekunde 0.6 ni 100. Mpiga piano yule yule akirudia kipande, mchoro wa mwendo wake kwa kawaida hufanana sana na wa kwanza. Angekuwa anayumba ovyo, usingefanana.

Dhana: Ukishabonyeza mapigo, vipimo viko tayari.
Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Chukua mapigo matatu yaliyopigwa sawasawa, sekunde 0.5 kila nafasi. Kidole chako kikiwahi sekunde 0.03 tu kwenye pigo la kati, mchoro utaonyesha 128 kisha 113, ilhali mwendo halisi ni 120 wakati wote. Ukiona mchoro umepanda ghafla na kushuka papo hapo, shuku kidole kabla ya kumsifu mpigaji. Kuza spektrogramu (picha ya sauti jinsi inavyobadilika kadiri muda unavyokwenda), sogeza alama hadi noti inapoanzia, sikiliza tena kwa kasi ndogo. Wapigaji wengi wa zamani walitanguliza mkono wa kushoto kidogo. Chagua mkono mmoja wa kufuata na usiubadilishe hadi mwisho.

Dhana: Wastani wa mwendo wa kifungu (sentensi moja ya muziki) hupatikana kwa kujumlisha namba za mwendo na kuzigawa.
Pigo la sekunde 0.5 (120) likifuatwa na la sekunde 1 (60), wastani si 90. Ni mapigo mawili ndani ya sekunde 1.5, yaani 80.

Dhana: Desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) zikipanda, mpigaji amekandamiza zaidi.
Si lazima. Noti tano zikipigwa pamoja hutoa sauti kubwa kuliko moja, hata kama kila kidole kimetumia nguvu ile ile. Tena sauti ya piano huanza kufifia mara tu nyundo inapogonga uzi. Ukichukua wastani wa pigo zima, mapigo marefu yataonekana dhaifu bila sababu, kwa hiyo pima kilele kilicho baada tu ya mwanzo wa noti. Usilinganishe desibeli za rekodi mbili moja kwa moja: fundi mitambo wa studio akiongeza desibeli 6 kote, umbo la mchoro linabaki, lakini akibana tofauti ya sauti kubwa na ndogo, umbo lenyewe limeharibika.

Dhana: Mpigaji mzuri huharakisha na kupaza sauti kuelekea katikati ya kifungu, kisha hupunguza vyote viwili.
Mtafiti Neil Todd aliueleza mtindo huo kwa hesabu mwaka 1992, na wapo wanaopiga hivyo. Ila mtaalamu wa muziki Nicholas Cook, aliyechunguza rekodi nyingi za mazurka nchini Uingereza, alionyesha kwamba kuunganisha mwendo na sauti namna hiyo ni mtindo uliokua zaidi baada ya 1945. Chora mistari miwili tofauti, wa mwendo na wa sauti. Mwendo ukipungua pale sauti inapofika kileleni, na alama zako umeshazihakiki, basi hivyo ndivyo alivyopiga.