Karafuu Miguuni pa Bwana: dhana potofu kuhusu kumfundisha mtoto alama za taifa nyumbani

Ukimsomesha mwanao nyumbani, iwe Unguja au Pemba, watu hawaishi kukuuliza. Hesabu wanakuachia, kusoma na kuandika pia wanakuachia. Ikifika bendera, ngao na wimbo wa taifa, kila mtu ana lake la kusema, na mengi yanayosemwa hayako sawa.

"Alama za taifa ni za kukariri. Kukata vitambaa ni mchezo wa watoto wa nasari."

Mtoto anaweza kuzitaja rangi nne za bendera ya Tanzania bila kukosea: kijani ni ardhi na mimea, buluu ni maji, nyeusi ni watu, njano ni madini. Mpe penseli sasa. Wengi wataweka buluu juu, au mkanda mweusi wataulaza upande usio wake.

Mpe vitambaa na sindano badala ya karatasi. Bendera ya Tanzania ina vipimo vya mbili kwa tatu, kwa hiyo sentimita 40 kwa 60 zinatosha. Kijani kinakaa juu, upande wa mlingoti. Mkanda mweusi unaanzia pembe ya chini kwenye mlingoti, unapanda mpaka pembe ya juu ya upande unaopepea, na kila ubavu wake una mstari wa njano. Hapo tayari kuna somo la hesabu, maana mkanda wa mshazari haukatiki kwa kukisia.

Akishamaliza, mwambie aigeuze. Mlingoti unahamia kulia na mkanda unaonekana kupanda kuelekea kushoto. Mtoto atashtuka akidhani ameshona kinyume, na huenda akataka kufumua. Mwache afikiri kwanza. Bendera huonekana pande zote mbili, na kijani kingali juu pale pale penye mlingoti. Jambo hili karatasi haimuonyeshi.

Anayetaka kupaka rangi atazipata jikoni: manjano, mkaa uliosagwa, maji ya kisamvu kilichotwangwa, na buluu ya kufulia. Kijani cha kisamvu hupauka juani, basi msije mkashangaa.

"Bendera ya Zanzibar ndiyo ile ile ya Mapinduzi."

Hii nimeisikia hata kwa watu wazima waliosoma. Rangi zake tatu, buluu, nyeusi na kijani, ni kweli zinatoka mwaka 1964. Lakini bendera tunayoiona leo, yenye bendera ya Muungano kwenye pembe ya juu karibu na mlingoti, imeanza kutumika Januari 9, 2005. Kuna vijana wamezaliwa kabla yake.

Nyuma ya hiyo kuna nyingine. Bendera ya Usultani ilikuwa nyekundu tupu. Uhuru wa Desemba 10, 1963 ulikuja na nyekundu yenye duara la kijani, na ndani ya duara karafuu mbili. Hiyo haikumaliza miezi miwili, kwa sababu Januari 12, 1964 yalitokea Mapinduzi. Ikafuata yenye nyeusi, njano na buluu, nayo ya siku chache tu, kisha buluu, nyeusi na kijani. Mwaka huo huo ikaja ya Muungano.

Chukua mabaki ya vitambaa kwa fundi cherehani, mtoto azitengeneze zote ndogo ndogo, azipange kwa vibanio kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kisha mwite bibi au babu aliyeziona zikipanda na kushuka. Hapa nina angalizo. Januari ya 1964 ina machungu yake katika nyumba nyingi visiwani, na si kila mzee anapenda kuulizwa. Mtoto apige shikamoo, aulize "unaikumbuka ipi?", asikilize atakachoambiwa. Mzee akinyamaza, basi.

"Ngao ya Taifa ni mambo ya bara. Sisi hatumo."

Mlima uliopo chini ni Kilimanjaro, hilo halina ubishi. Lakini tazama miguuni pa bibi na bwana waliosimama pande mbili za ngao. Kwa bibi kuna mmea wa pamba, kwa bwana kuna mkarafuu. Watoto wa Wete na Mkoani, ambao wazazi wao wanaanika karafuu mbele ya nyumba, wanaipita picha hiyo kila siku kwenye noti na karatasi za serikali bila kuutambua mti wao.

Msimu ukiwa umefika, kazi ni rahisi. Mtoto achambue karafuu kutoka kwenye makonyo, apime kilo moja mbichi, aianike kwenye jamvi na kuipima tena ikishakauka. Itabaki karibu theluthi moja. Aandike kila siku rangi ilivyobadilika. Zile zilizokauka vizuri ndizo za kubandika kwenye ngao ya kadibodi. Hapo ndipo pa kumsimulia kwa nini karafuu nyingi ziko Pemba: kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika.

Kwenye pamba watu huchomoa kidogo ndani ya mto wa kulalia, na mara nyingi hicho ni sufi. Mpe mtoto vyote viwili. Mbegu za pamba zimeng'ang'ania nyuzi, mpaka uzivute. Mbegu za sufi zinajidondokea zenyewe. Pamba inasokoteka ikawa uzi, sufi inateleza vidoleni.

Pembe za ndovu tumezitengeneza kwa makarara ya mnazi, kwa vile tayari yamejipinda. Jembe na shoka vimo katikati ya ngao, kwenye sehemu nyekundu, na hivyo viko nyumbani. Kuuza vitu vyenye ngao ni jambo jingine, lina sheria yake; ya kujifunzia ukutani haimdharau mtu.

"Zanzibar haina wimbo wake."

Inao, tangu mwaka 2003. "Mungu Ibariki Afrika" ni wa Jamhuri ya Muungano, na muziki wake umetungwa na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897. Wazambia wanaimba wimbo wa taifa wao kwa sauti hiyo hiyo. Msikilizisheni mtoto zote, aseme mwenyewe zinafanana wapi.

"Kuchanganya udongo ni hadithi ya kwenye picha tu."

Mwalimu Nyerere aliuchanganya kweli, Aprili 1964, udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar, kwa vibuyu, kuashiria Muungano. Mtoto wa Pemba ana udongo mwekundu wa vilimani na kichanga cha pwani, aviweke kwenye chupa mbili za plastiki, amwage maji, atazame kipi kinatuama mwanzo. Wa bara muagizieni jamaa anayerudi na boti. Kisanduku kimoja cha kiberiti kinatosha, ila afunge vizuri, usije ukamwagika kwenye nguo zake.