Ultrasaundi ya kando ya kitanda katika kituo cha afya: maswali na majibu

Ina tofauti gani na ile ya idara ya radiolojia?
Mawimbi ya sauti yanayotoa picha ni yale yale, kazi ndiyo tofauti. Mtaalamu wa radiolojia huchunguza kiungo kizima na kuandika ripoti. Tabibu wa kituoni huuliza swali la ndiyo au hapana: mtoto ametanguliza kichwa? Kuna majimaji tumboni? Ukishika mashine bila swali utaona vivuli tu.

Tuanzie wapi?
Kliniki ya wajawazito. Tangu 2016 WHO inapendekeza kila mjamzito apimwe mara moja kabla ya wiki 24, na sababu kubwa ni umri wa mimba. Hadi karibu wiki ya 13 pima urefu wa mtoto kuanzia utosini hadi makalioni. Kosa huwa la siku 5 hadi 7. Mimba ikipita wiki 28 kosa hufika wiki 3 au zaidi, kwa hiyo usibadilishe tarehe ya kujifungua iliyokwisha pangwa mapema.

Probu (kichwa cha mashine kinachogusishwa kwenye ngozi) ipi?
Yenye uso wa mviringo, 2–5 MHz, kwa tumbo na mimba. Iliyonyooka, ya masafa ya juu, kwa jipu na mishipa ya damu. Kama bajeti inatosha moja tu, nunua ya mviringo.

Kipimo cha mkojo ni chanya, kizazi ni kitupu. Je?
Hapa ndipo watu hupoteza wagonjwa. Huenda mimba ni changa mno, imeharibika, au imetunga nje ya kizazi. Hata ukiona kifuko chenye maji ndani ya kizazi, hakitoshi kuthibitisha kuwa mimba imo humo. Tafuta kiduara kidogo cha kiini ndani yake, au moyo unaopiga. Mwenye maumivu au anayetokwa damu apewe rufaa. Ukiona weusi wa majimaji nyuma ya kizazi, au kati ya ini na figo ya kulia, weka dripu na uite gari la wagonjwa. Usikae ukitafuta picha nzuri zaidi.

Kondo linaonekana limeziba mlango wa kizazi.
Mwambie mama akakojoe, kisha rudia. Kibofu kilichojaa sana hubana sehemu ya chini ya kizazi na kukudanganya.

Mbona picha ni mbaya?
Mara nyingi jeli ni kidogo na hewa imeingia kati ya probu na ngozi. Kisha angalia kina: kiungo unachokitafuta kijaze skrini. Ukipandisha geini (kidhibiti cha mng'ao wa picha) kupita kiasi, majimaji nayo huonekana meupe. Na kama kulia na kushoto vimebadilishana, alama ya probu umeigeuza.

Usafi?
Futa jeli yote kwanza, kwani hukinga vijidudu dhidi ya dawa. Tumia dawa iliyotajwa na mtengenezaji pekee. Spiriti huharibu uso wa probu nyingi. Usiongezee jeli kwenye chupa iliyotumika, bakteria huzaliana humo. Penye kidonda au sindano, jeli iwe tasa.

Mafunzo kiasi gani?
Chama cha madaktari wa dharura cha Marekani, ACEP, hutaka vipimo 25 hadi 50 kwa kila aina ya uchunguzi, vikaguliwe na mjuzi. Ukaguzi ndio unaorukwa. Hifadhi picha kila mara, hata za kawaida, na fundisheni angalau watu wawili: mmoja akihamishwa, mashine hufungiwa kabatini.