Cheti cha daktari wa mifugo si kibali cha kuingia Oman

Jamani nshachoka. Kila ikikaribia Idi ya Mfunguo Tatu simu haikai: "dokta niandikie cheti nimpelekee ami yangu mbuzi wawili Maskat." Nikiuliza kibali cha kuingiza kiko wapi, naambiwa si ndo hicho cheti? Sicho, sheikh.

Skiza. Cheti cha afya ninachotia saini mie hakimruhusu mnyama kuingia popote. Nchi inayopokea ndo inayoanza, wao wanatoa kibali kwanza na ndani yake wameandika masharti yao, karantini siku ngapi, damu ipimwe nini, chanjo ipi, hereni ya sikio vipi, mie najibu moja moja. Nikiandika kabla ya kuona kibali nakuwa najibu mtihani ambao sijausoma, na mbuzi akifika huko wanaweza kumrudisha au kumuua. Na haki wanayo, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani unawapa, almuradi wawe na hoja ya kisayansi. Kufunga wanafunga kweli: mwaka 2000 homa ya Bonde la Ufa ilipoingia Saudia na Yemen, Saudia ikazuia mifugo ya Pembe ya Afrika, Wasomali wakangoja mpaka 2009.

Halafu yuko wa "mbuzi wangu mzima, mtizame anavyokula." Ugonjwa wa miguu na midomo kanuni za kimataifa zinauhesabia siku 14 za kujificha mwilini kabla ya dalili, na mbuzi hata akiugua dalili zenyewe mara nyingi hazionekani sana. Ntapima joto, ntaangalia mdomo na kwato, lakini nasema kweli roho hainitulii, mana mbuzi wengi hapa Zanzibar wametoka Bara na historia yao naipata mdomoni kwa mchuuzi. Ndo mana naandika "hakuonesha dalili", siandiki "hana ugonjwa", na watu wananuna.

Kasuku na kobe ni ngoma nyengine. Mifugo si jambo la Muungano, tuna sheria yetu, lakini CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, imeridhiwa na Jamhuri tangu 1979 na inatubana sote. Kasuku wa kijivu yumo Kiambatisho cha Kwanza, orodha yake ya walio hatarini zaidi, tangu 2017, wa porini hauzwi nje, basi. Kobe kama wale wa kisiwa cha Changuu, watu wananambia eti "hawa si wa hapa, wameletwa toka Shelisheli, hawana sheria." Kilichoandikwa Kiambatisho cha Pili, orodha ya wanaotoka kwa kibali tu, ni spishi, yaani aina nzima, haijali babu yake kaja na meli gani wala nani kampa nani zawadi, na kitoto chake hivyo hivyo. Na anaefikiri atampitisha Dar, Bara walizuia kusafirisha wanyamapori hai 2016, 2022 wakatangaza kufungua na wakasitisha papo hapo.